Ngome Kichwa Chini

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, msije mkasema sikuwaonya. Kwa fundi cherehani hasira si balaa kubwa. Mteja akija kubishana nami kuhusu kiuno alichonitajia kwa mdomo wake mwenyewe, namwonyesha daftari la vipimo, kisha namwonyesha mlango. Lakini kwenye chesi hasira ni hasara tupu, na mimi ndiye nahodha wa klabu yetu. Wananiita Sindano. Wanasema ni kwa sababu ya kazi, ingawa mume wangu anasema ni kwa sababu ya ulimi.

Klabu yetu ina chumba kimoja juu ya duka la kuchapisha. Chini kuna mashine inayopiga dum, dum, dum kutwa nzima, na juu tuna meza nne, mabenchi ya kutosha, na dirisha moja linalotazama barabarani. Mashine ikikolea, kete zinatetemeka ubaoni. Sisi tumezoea, ila wageni hudhani farasi wao kaamua kuondoka mwenyewe. Chumba hicho tulipewa bure na mwenye duka kwa sharti moja, kwamba tuwe klabu ya ligi. "Siku mkitolewa ligi," alituambia, "mtakuwa watu wanaokaa tu juu ya kichwa changu, na mimi nina karatasi za kuweka."

Sasa ligi yetu ina klabu nane, na inayoshika mkia inatolewa. Hadi mechi ya mwisho ya msimu, mkia tulikuwa tumeushika sisi, na tumeushika vizuri. Kunusurika kulikuwa na njia moja tu: kushinda mechi hiyo ya mwisho. Sare isingetosha. Na mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya klabu ya ng'ambo ya reli, ambao walikuwa kileleni na walihitaji sare tu ili wawe mabingwa. Kana kwamba hayo hayatoshi, mezani kwangu angekaa shemeji yangu.

Huyo shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, mwalimu wa hesabu, na mji mzima unamwita Profesa. Ndiye aliyenifundisha chesi, miaka tisa iliyopita, kwenye meza yangu ya kukatia nguo, vifungo vikijaza nafasi za askari waliopotea. Ndiye aliyeniingiza klabuni. Na ndiye aliyechukua koti lake siku wanachama waliponichagua mimi kuwa nahodha badala yake, kura saba kwa sita. Alisimama mlangoni akasema, mbele ya watu wote, "Klabu hii itafia mikononi mwa cherehani." Akavuka reli, akaenda na wachezaji wetu wawili wazuri.

Miaka miwili imepita. Kila Jumapili anakuja nyumbani kwetu, anakula, anasifu chakula, anawauliza watoto jedwali la kuzidisha, anaaga. Chesi haitaji hata mara moja. Mimi nami sitaji. Lakini lile neno lake bado lilikuwa limenikwama kooni, na niliapa kwamba Jumamosi ile nitalitema au nitalimeza.

Kuna jambo moja kuhusu Profesa lazima mlijue. Ana mkono usiotulia. Akimteka malkia wako hamweki mezani pamoja na kete nyingine zilizotekwa. Anamfumbata kwenye kiganja cha kushoto na kumsugua kwa dole gumba mpaka mchezo uishe. Mara nyingi anasahau na kwenda naye nyumbani. Mkewe amewahi kuokota malkia watatu kwenye nguo za kufua, kwa wiki moja. Zamani alipokuwa kwetu, askari wako akifika mwisho wa ubao na kupandishwa cheo, ukitaka malkia wa kuweka, humwoni. Ukimwomba Profesa, hakuinulii hata macho. "Usinisumbue," alikuwa anasema. "Geuza ngome."

Basi tukawa tunageuza ngome. Ngome kichwa chini, kwetu, ni malkia. Yeye aliondoka lakini mtindo wake ukabaki. Tulifanya hivyo Jumatano baada ya Jumatano, ambayo ndiyo siku yetu ya mazoezi, saa kumi na moja jioni, mpaka wageni wakadhani ndivyo dunia nzima inavyofanya. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimeanza kudhani hivyo.

Jumamosi hiyo wakaja saa tisa alasiri, na gari la shule ya Profesa, wamevaa fulana zinazofanana. Sisi hatuna fulana. Muuguzi wetu, anayecheza meza ya pili, alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku na ya mchana, bado na viatu vyake vyeupe. Fundi Saa, meza ya kwanza, mtu wa maneno matatu kwa siku, alikuwa anazitia ufunguo saa zetu nne za mchezo, zile za zamani zenye nyuso mbili. Mume wangu, meza ya tatu, anaendesha gari la mikate, na anacheza kama anavyoendesha: polepole, hapiti mtu, na anafika.

Profesa akanyoosha mkono. "Shemeji. Hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu kwenye chumba unachotaka kukifunga."

"Ah! Mimi nimekuja kucheza tu."

"Hata paka akija kwa panya husema hivyo hivyo."

Mwamuzi akagonga meza. Ligi ilikuwa imetuletea mama mmoja mstaafu wa posta, mwenye kitabu cha kanuni alichokizungushia nailoni ili kisiingie vumbi. Miaka thelathini alikuwa amekataa vifurushi visivyofungwa sawasawa, na ilionekana hajastaafu moyoni. "Kila mtu ana saa moja," akasema. "Simu zizimwe. Midomo pia. Anzeni."

Mashine ya chini nayo ikaanza, dum, dum, dum. Dakika ya tano kijana wa ng'ambo aliyekuwa meza ya pili akainua mkono. "Mama Mwamuzi, kete zangu zinatembea!"

Mwamuzi akashuka ngazi, akapanda. "Wana kadi mia saba za mahafali za kumaliza leo," akasema. "Mashine itazimwa saa kumi na moja. Mpaka hapo, kete ikitembea yenyewe muirudishe ilipokuwa."

Mume wangu akacheka. Nikamkanyaga mguu.

Sitawachosha na mechi yote, ila mambo yalikwenda hivi. Fundi Saa alishinda mapema. Alimbana mpinzani wake taratibu hadi mtu wa watu akalaza mfalme wake mwenyewe, na Fundi Saa akatumia neno moja kati ya yake matatu: "Ahsante." Moja kwa bila! Nikahisi damu inanichemka kwa furaha. Lakini hatukukaa nayo sana. Muuguzi, masikini, alikuwa anapigana na usingizi kuliko anavyopigana na yule kijana. Akaacha ngome yake njiani, ikaliwa, akapoteza mchezo, akaenda kujilaza kwenye benchi la dirishani na kulala hapo hapo. Moja kwa moja.

Ikabaki ya mume wangu na yangu. Yake ilikuwa mbaya. Nilipoitupia jicho, mpinzani wake alikuwa na malkia na askari wawili, na mume wangu amebaki na mfalme peke yake, anazungushwa ubao mzima. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Mara nikasikia mtu anavuta pumzi. Yule mpinzani, kwa tamaa ya kumbana kila upande, alikuwa amemfungia mfalme wa mume wangu miraba yote bila kumtishia. Mfalme hashambuliwi, lakini hana pa kukanyaga. Mwamuzi akaja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Sare."

"Sare?" yule bwana akapaza sauti. "Nina malkia mzima!"

"Unaye, lakini umemnyima mwenzio hatua. Zamu ni yake na hana pa kwenda. Kanuni ndivyo inavyosema. Nusu pointi kila upande."

Mume wangu akapita nyuma ya kiti changu akapangusa jasho. "Nimefika," akaninong'oneza. Nikampenda sana dakika hiyo.

Kwa hiyo mmeelewa hesabu ilivyosimama. Moja na nusu kwa moja na nusu, na mchezo mmoja umebaki, wangu. Nikishinda tunabaki kwenye ligi, tunabaki na chumba. Nikishindwa au nikitoka sare, karatasi zinapanda juu, sisi tunashuka chini, na klabu inakuwa imefia mikononi mwa cherehani, kama ilivyotabiriwa.

Nami nilikuwa nacheza vizuri, jamani! Acha nijisifu, wengine hawatanisifu. Tulikuwa tumebadilishana malkia mapema. Mimi nilimteka wake nikamweka mezani kwa adabu. Yeye alimteka wangu, na kama kawaida akamfumbata. Nilimwona yule malkia mweupe akipotelea katikati ya vidole vyake na nikacheka kimoyomoyo kwamba mtu akivuka reli haachi tabia yake nyuma. Tukala farasi, tukala ngome, tukala askari. Kila aliponitegea mtego niliukumbuka, maana mitego yote ni yeye aliyenifundisha. Ilipofika saa kumi na moja kasoro, ubao ulikuwa mweupe kwa utupu: mfalme wake peke yake, na upande wangu mfalme na askari mmoja anayepanda juu.

Askari mmoja anatosha. Akifika mwisho ni malkia, na malkia ni ushindi. Profesa hakuweza kunishinda tena, alijua, na watu wote waliokuwa wamesimama kuzunguka meza yetu walijua. Lakini hakuhitaji kunishinda. Mimi nilikuwa nimekula muda mwingi kuikwepa mitego yake. Kwenye saa zetu, mshale ukikaribia kumi na mbili unakiinua kibendera chekundu kidogo kidogo, na ukifika, kibendera kinaanguka. Kikianguka muda wako umekwisha. Kibendera changu kilikuwa kimeshainuka. Kikianguka kabla sijamfunga mfalme wake, kanuni inasema ni sare, na sare ndiyo aliyokuja kuichukua.

Nikamsogeza mfalme wangu chini ya askari, aliyebakiza mraba mmoja tu. Mfalme wake alikuwa kwenye kona, naye akabakiwa na hatua moja peke yake, ya kushuka mraba mmoja ukingoni. Akashuka. Akabonyeza saa.

Hapo hapo mashine ya chini ikazimwa. Kimya kilichoingia mle chumbani kilinishtua, maana ndipo niliposikia moyo wangu ukipiga, na nafikiri hata jirani zangu waliusikia.

Nikamsukuma askari hadi mwisho wa ubao na kunyoosha mkono kuchukua malkia. Kete zangu zilizotekwa zilikuwa zimepangwa kando ya kiwiko cha Profesa. Farasi wapo, ngome zipo, malkia hayupo. Nikatazama ngumi yake ya kushoto. Haikufunguka. Nikatazama kibendera. Sikufikiri, na sitawadanganya kwamba nilifikiri. Mkono wangu ulifanya ulichofanya Jumatano zote za miaka tisa: ukanyakua ngome, ukaipindua kichwa chini, ukaisimamisha pale alipokuwa askari. Nikabonyeza saa na kuvuta pumzi.

Profesa akasimamisha saa.

"Mama Mwamuzi," akaita, kwa ile sauti ya darasani. "Naomba uje. Mchezaji amempandisha cheo askari wake kuwa ngome."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ngome gani?" nikasema. "Huyo ni malkia!"

"Mimi naona ngome," akasema Profesa.

"Iko kichwa chini!"

"Hata ikisimama kichwa chini ni ngome bado, shemeji."

Mori ukanipanda kutoka kwenye nyayo. "We Profesa! Wewe! Nani aliyetuambia tugeuze ngome? Nani aliyekuwa anasema usinisumbue, geuza ngome? Huyo malkia wangu yuko wapi kama si kwenye ngumi yako?"

"Kaa chini," akasema Mwamuzi.

"Mama, mwambie afungue mkono!"

"Nimesema kaa." Nikakaa. Mwamuzi akafungua nailoni, akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari kana kwamba anatafuta anwani. Chumba kizima kilikuwa kimekusanyika. Hata Muuguzi alikuwa ameamka. "Kete iliyogeuzwa juu chini," akasema mwishowe, "inahesabiwa ni ile ile ilivyo. Hii ni ngome."

"Lakini alinificha malkia!"

"Ulikuwa na haki ya kusimamisha saa ukaniita, ukaomba malkia. Ungepewa. Hukuniita. Na wewe," akamgeukia Profesa, "kete za mwenzio huwekwa mezani, hazishikwi mkononi. Nakuonya. Ila hatua imeshafanyika na saa imeshabonyezwa." Akaichukua ngome yangu kwa vidole viwili, akaisimamisha wima, kichwa juu. "Zamu ya weusi. Endeleeni."

Niliona macho ya mume wangu. Alikuwa anamtazama kaka yake kama mtu aliyemkuta mgeni amevaa shati lake. "Kaka," akasema taratibu, "hivyo ndivyo?"

Profesa aliniinamia mimi, akasema kwa sauti ya chini, na naapa kulikuwa na huruma ndani yake, jambo lililoniuma zaidi, "Kumaliza kwa malkia ungeweza. Kwa ngome unahitaji hatua kumi na tano, shemeji. Nakujua, mimi ndiye mwalimu wako. Saa yako haina pumzi hizo."

Na alikuwa anasema kweli! Kumfunga mfalme kwa ngome ni kazi ya subira, na subira mimi sikupewa. Jumatano ngapi nilimaliza zoezi hilo huku nimeng'ata kucha, dakika tatu, dakika nne? Sasa nilikuwa na nusu dakika, labda pungufu. Nikaona karatasi zikipanda ngazi. Nikaona Jumapili, mtu huyu akila mezani kwangu, akisifu chakula, akiuliza jedwali la kuzidisha. Machozi yalikuwa yananikaribia na nikayakataza.

Saa ikawashwa. Profesa hakutazama sana ubao. Mfalme wake alikuwa na hatua moja tu inayowezekana, ya kushuka tena mraba mmoja ukingoni, naye akaifanya upesi upesi na kubonyeza, ili mshale wangu uanze kukimbia.

Nikasema, haya, hatua ya kwanza kati ya kumi na tano. Nikaitazama ngome. Ngome ikanionyesha mstari wa juu, umeachwa wazi mpaka kwenye kona. Kona ile iko juu kabisa ya mstari alikosimama mfalme wake. Nikaangalia kulia kwa mfalme: ni mwisho wa ubao. Nikaangalia kushoto: miraba mitatu, yote inatazamwa na mfalme wangu. Juu na chini, mstari wote ungekuwa wa ngome.

Kibendera kilikuwa kimelala usawa wa mshale, kinaning'inia kwa uzi wa hewa.

Nikaitelezesha ngome mpaka kona.

"Chekimeti," nikasema, na sauti haikutoka. Nikarudia, na safari hii nadhani hata wa duka la chini walisikia. "Chekimeti!"

Kibendera kikaanguka, tik. Kila mtu akamtazama Mwamuzi. Mwamuzi akaitazama ngome, akamtazama mfalme mweusi, akahesabu miraba kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, mama huyu, kama anahesabu stempu. "Mfalme alifungwa kwanza," akasema. "Kibendera kimechelewa. Weupe wameshinda. Mechi ni mbili na nusu kwa moja na nusu."

Jamani! Sijui nani aliyepiga kelele kwanza. Muuguzi alipanda juu ya benchi na viatu vyake vyeupe. Mume wangu alininyanyua kiti na mimi juu yake, kisha mgongo ukamkumbusha umri akanishusha. Fundi Saa akasema, "Tumebaki! Tumebaki!" na hivyo akamaliza maneno yake ya siku. Mwenye duka alipanda ngazi kuuliza kuna moto wapi. Alipoambiwa akakuna kichwa na kusema, basi karatasi zitakaa zilipo. Nilikuwa nacheka na kulia, na sikuona aibu.

Wakati wote huo Profesa hakuondoka kitini. Alikuwa anautazama ubao. Kelele zilipopungua, akarudisha kete nyuma hatua mbili, ngome yangu mahali ilipopandishwa cheo, mfalme wake mahali alipokuwa. Ndivyo alivyotufundisha tufanye kila tukishindwa: rudi, tafuta ulipokosea.

Akaitoa ngome. Akafungua ngumi ya kushoto. Malkia wangu alikuwa humo, ameloa jasho. Akamsimamisha mahali pa ngome, pale pale nilipotaka mimi.

Tukasogea wote. Sikuelewa mara moja, yeye ndiye aliyeelewa kwanza, niliona uso wake. Ngome inatazama mbele na pembeni tu. Malkia anatazama na mishazari pia. Ule mraba mmoja ukingoni, ambao ngome ilikuwa imemwachia mfalme wake ashukie, malkia alikuwa anauona. Mfalme hashambuliwi. Na hana pa kukanyaga.

"Sare," akasema mume wangu, aliyeijua sare hiyo vizuri kuliko sote siku hiyo.

Ningepewa malkia niliyemtaka, tungekuwa tumetolewa. Mabingwa wangekuwa ng'ambo ya reli. Profesa alihitaji kufungua vidole vyake tu, au hata kunyamaza, aache ngome yetu ya kichwa chini iwe malkia kama alivyoiamuru mwenyewe miaka hiyo yote. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyemwambia.

Akainua macho. "Shemeji," akasema. "Uliona?"

Nitasema ukweli, shetani alinijia. Ningeweza kutabasamu tu. Ningeweza kusema, niliona tangu mwanzo, nilikutega, mwalimu. Ingesimuliwa mpaka wajukuu. Watu wangu wote walikuwa wananitazama, wanangoja niseme hivyo.

"Sikuona," nikasema. "Nilitaka malkia. Ungenipa, ungeniua."

Profesa akatikisa kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nami sikuona," akasema. "Nilikuwa natazama kibendera chako. Nimefundisha watu thelathini wasitazame saa, watazame ubao." Akasimama, akanipa mkono. "Mbele ya watu nilisema neno pale mlangoni. Mbele ya watu nalirudisha. Haikufa, shemeji."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana nilikuwa nimejiandaa miaka miwili. Badala yake nikamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Wakakusanya vitu vyao, wakashuka ngazi. Mwamuzi akafunga kitabu kwenye nailoni. Sisi tukaanza kupanga meza, na mume wangu akawa anahesabu kete za meza yangu akizirudisha kwenye sanduku.

"Nyeusi kumi na sita," akasema. "Nyeupe kumi na tano." Akahesabu tena. Akaniangalia. "Mke wangu, malkia hayupo."

Nikakimbilia dirishani. Chini, gari la shule lilikuwa limeshawashwa, na Profesa alikuwa wa mwisho kupanda, mguu mmoja ndani.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Mkono wako!"

Akageuka. Akautazama mkono wake wa kushoto, akaufungua. Wenzake ndani ya gari wakaangua kicheko. Akaanza kurudi kuelekea kwenye ngazi zetu, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Usipande!" nikamwambia. "Mlete Jumatano!"

Akasimama katikati ya njia. "Jumatano saa ngapi?" akauliza, yeye aliyeipanga saa hiyo mwenyewe.

"Saa kumi na moja. Na usichelewe!"

Akamtia malkia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapanda gari.